Miezi ya Mbali na Amri ya Nane

Somo: Zaburi ya 147, mstari wa 3 na wa 4.



Katika darasa la kipaimara tulikuwa tukifundisha sehemu ya kwanza ya Imani, yaani habari za Mungu Baba, Mwumba mbingu na nchi. Tulipokwisha kutaja jua na mwezi na nyota, mvulana mmoja akainua mkono akauliza, "Mchungaji, na ile sayari yetu, je, ina mwezi wake?" Tukamwuliza, "Sayari yetu ipi, mwanangu? Dunia hii?" Akasema, "Hapana, ile ya Tanzania, iliyo mbali." Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukujua asemalo. Tukamwambia angoje hata Jumapili ya pili. Basi tukasoma, tukauliza kwa wenye elimu, na haya ndiyo tuliyoyapata. Lakini twawaambia mapema kwamba swali la mtoto huyu lilitupeleka mahali ambapo hatukutaka kwenda, na sehemu ya mwisho ya maneno haya tumeiandika kwa moyo mzito.

Mvulana alisema kweli. Mwaka 1919 wataalamu wa nyota wa mataifa mbalimbali waliunda umoja wao. Na umoja huo ulipotimiza miaka 100, mwaka 2019, mataifa yalialikwa kila moja kuipa jina nyota moja na sayari yake moja. Majina yakatangazwa Desemba mwaka ule. Watanzania walipewa nyota iliyo katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi, ambayo hapo kwanza haikuwa na jina ila herufi na namba, WASP-71. Nyota hiyo ikaitwa Mpingo, kwa ajili ya mti wetu mweusi wa kusini, na sayari yake ikaitwa Tanzanite, kwa ajili ya jiwe la buluu lichimbwalo Mererani. Jirani zetu wa Kenya walitoa majina ya Kijaluo: nyota yao ni Kalausi, yaani kisulisuli, na sayari yake ni Buru, yaani vumbi. Hivyo lugha isemwayo ng'ambo ya ziwa letu imekwisha kuandikwa mbinguni, na sisi Wahaya tungali twangoja zamu yetu.

Mtu asidhani kwamba Tanzanite ni nchi ya kukaa. Ni kubwa kuliko Mshtarii, na uzito wake wapita uzito wa Mshtarii zaidi ya mara mbili. Nayo yaizunguka nyota yake kwa ukaribu mno, hata mwaka wake mzima ni siku 3 kasoro kidogo. Mkristo wa huko angesherehekea Krismasi mara mbili katika juma moja, kama angeweza kuishi katika moto ule.

Sasa habari ya miezi. Dunia yetu ina mwezi mmoja. Zuhura hana hata mmoja. Mirihi ana 2, Mshtarii ana zaidi ya 90, na Zohali, kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2025, ana 274. Hizo ni sayari za jamaa ya jua letu. Lakini mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walitangaza kwamba wameona sayari inayoizunguka nyota nyingine iliyo kama jua letu, na tangu siku ile hata leo zimekwisha kuhesabiwa sayari za mbali zaidi ya 6,000. Mwenye akili atasema: ikiwa jua moja tu lina miezi mamia katika nyumba yake, basi huko kwenye sayari elfu sita miezi ni mingi kama senene wa Novemba. Yaelekea ni kweli. Hata hivyo, hakuna hata mwezi mmoja wa sayari za mbali ambao wataalamu wamekubaliana kwamba umeonekana. Hata mmoja!

Sababu yake wakaao karibu na ziwa wataielewa upesi. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, zamani karabai, siku hizi taa za betri. Nasi tukisimama mlimani twaziona kama mji uliojengwa juu ya maji. Chagua taa moja tu, iliyo mbali kabisa, pale ziwa linapokutana na mbingu. Sasa mdudu akiruka mbele ya taa ile, utamwona? Hutamwona. Labda, ukiwa na macho makali kupita kiasi, utaona kwamba nuru ya taa imepungua kidogo, kisha imerudi kama ilivyokuwa. Hivyo ndivyo sayari nyingi za mbali zilivyojulikana: hazikuonekana zenyewe, bali nuru ya nyota yao ilipungua zilipopita mbele yake. Sayari kubwa kama Mshtarii, ikipita mbele ya nyota iliyo kama jua letu, huzuia kiasi cha sehemu 1 katika 100 ya nuru yake. Dunia yetu ingezuia pungufu ya sehemu 1 katika 10,000. Na mwezi wetu huu, tunaousomea barua usiku ukiwa mpevu, ungezuia kiasi cha sehemu 6 katika 1,000,000. Autafutaye mwezi hamtafuti mdudu mbele ya taa, bali utitiri ulio juu ya mgongo wa mdudu. Na taa yenyewe hupepesuka, maana nyota nazo hazina nuru iliyotulia.

Iko njia ya pili. Sayari yenye mwezi haiendi kwa hatua zilizo sawa, kwa sababu mwezi huivuta huku na huku, kama mama mwenye mtoto mgongoni asiyekubali kutulia. Kwa hiyo hupita mbele ya nyota yake mara mapema kidogo, mara kwa kuchelewa kidogo, na mtu anayeshika saa vizuri aweza kutambua kwamba iko sababu. Lakini kwa Tanzanite yetu hata njia hii haitumainiwi sana. Wataalamu wengi waona kwamba sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake haiwezi kuushika mwezi siku nyingi. Nyota yenye nguvu itaunyang'anya. Basi jibu la mvulana wetu ni hili: hakuna mwezi wa Tanzanite ujulikanao, wala haidhaniwi kuwa nao, lakini hakuna awezaye kuapa.

Sasa twataka mtazame jinsi watu hawa wanavyosema, kuliko yale wanayoyasema.

Mwezi wa Machi 2009 Wamarekani walirusha angani darubini waliyoipa jina la Kepler, nayo ikazikazia macho nyota kiasi cha 150,000 kwa pamoja. Kazi yake ilikwisha mwaka 2018. Katika kumbukumbu zake, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, Alex Teachey na David Kipping, walikuta sayari moja, Kepler-1625b, kubwa kama Mshtarii, inayoizunguka nyota yake kwa siku 287. Nuru ya nyota hiyo ilikuwa na mapungufu madogo yasiyoelezeka kwa sayari peke yake. Wakaomba kutumia darubini kubwa zaidi, Hubble, wakapewa saa 40, tarehe 28 na 29 Oktoba 2017. Wakaona mambo mawili. Sayari ilifika mapema kuliko ilivyotazamiwa, kwa zaidi ya saa moja. Tena, ilipokwisha kupita, nuru ikapungua mara ya pili kidogo tu, kana kwamba ndama anamfuata mama yake. Wakati huo saa 40 zikaisha, kabla ndama hajapita mbele yao wote.

Jiulize wewe, ndugu, ungalisema nini. Atakayekuwa wa kwanza kuuona mwezi wa namna ile, jina lake litaandikwa vitabuni hata vizazi vyote. Na watu hawa walikuwa na dalili mbili mikononi mwao, wala si moja. Oktoba 2018 wakatoa habari zao, na hawakusema, "Tumeuona mwezi." Walisema kwamba vipimo vyaelekea upande huo, kwamba hawana hakika, na wengine wafanye bidii kuvipima tena. Mwaka 2019 wengine wakavipima vilevile vya Hubble, na kundi moja halikuliona lile pungufu la pili. Mwaka 2022 Kipping na wenzake wakatoa habari ya sayari 70 walizozichunguza, na katika hizo zote walibaki na moja tu yenye dalili, Kepler-1708b. Desemba 2023 René Heller na Michael Hippke wakaandika kwamba miezi hiyo yote miwili haielekei kuwapo. Wenye habari ya kwanza hawakukubali, wakajibu kwa vipimo. Hata leo mashauri hayajakwisha. Miezi hiyo huitwa mitarajiwa tu, kama sisi tumwitavyo mtu mwanafunzi wa ubatizo, wala hatumwandiki katika kitabu cha washarika kabla hajabatizwa.

Tulipoyasoma hayo tulitaka kujua huyo Kepler ambaye jina lake lilipewa darubini alikuwa nani. Na hapa, ndugu, tulishangaa, maana tulimkuta ni mtu wa nyumbani mwetu.

Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571 katika nchi ya Ujerumani, Mlutheri, naye alisoma Tübingen akikusudia kuwa mchungaji. Lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu, na tangu hapo Mungu akampa madhabahu nyingine. Ndiye aliyetambua sheria ambazo sayari huzifuata katika kuzunguka, na watafutao miezi ya mbali huzitumia hata leo. Mwaka 1610 Galileo wa Italia alipotangaza kwamba ameona miezi minne ikimzunguka Mshtarii, wengi walidhani kioo chake kimemdanganya. Kepler alimwamini. Hata hivyo, alipoazimwa darubini mwisho wa Agosti mwaka uleule, hakutaka kuongeza neno lake juu ya neno la Galileo hivi hivi tu. Aliwaita wenzake watazame pamoja naye. Kila mmoja alitazama kwa zamu yake, akachora kwa chaki yale aliyoyaona, bila kuwaonyesha wengine. Ndipo wakalinganisha michoro yao. Twaomba mkumbuke chaki ile.

(Huyo Kepler aliwahi pia kukosea. Galileo alimpelekea fumbo la herufi, naye akalifumbua vibaya, akadhani lasema kwamba Mirihi ana miezi 2. Mwaka 1877 Asaph Hall wa Marekani akaiona miezi ya Mirihi, nayo ni 2 kweli. Lakini hakuna amwitaye Kepler shahidi wa miezi hiyo. Mtu aweza kubahatisha jambo la kweli, na bado hajaliona.)

Mwaka 1612 Kepler alihamia mji wa Linz. Mchungaji wa Kilutheri wa mji ule alimkataza kuifikia Meza ya Bwana, kwa sababu Kepler hakukubali kutia sahihi yake chini ya Kanuni ya Mapatano pasipo kubakiza neno, akisema kwamba dhamiri yake haimruhusu katika mashaka fulani juu ya mwili wa Kristo. Hatusemi kwamba elimu ya imani si kitu. Twasema tu kwamba mtu aliyesoma kazi za Mungu kuliko wote wa siku zake, aliomba mkate wa Bwana katika kanisa letu, akarudishwa.

Na lililompata mama yake lilikuwa kubwa zaidi. Mama Katharina Kepler alikuwa mjane, akikaa Leonberg, mwanamke wa maneno makali aliyejua dawa za majani. Mwaka 1615 jirani yake mmoja alisema, "Alininywesha kitu, nami naugua tangu siku ile." Neno lile likatoka nyumba hata nyumba, na kila lilipofika lilimkuta mtu mwenye ugonjwa wake. Mwalimu wa shule aliyelemaa mguu akakumbuka kwamba yeye naye alikunywa divai kwake. Msichana aliyepishana naye njiani akasema mkono wake umekufa ganzi. Mwaka 1620 mama yule alikamatwa usiku katika nyumba ya binti yake, ambaye mumewe alikuwa mchungaji. Akafungwa kwa minyororo miezi 14, naye mwenye umri upatao miaka 70 na zaidi. Kepler akaacha kazi yake Linz, akaenda kumtetea. Alifanya kazi ileile aliyoifanya kwa darubini: akamwuliza kila shahidi ameona nini hasa, lini, na jambo hilo laweza kuwa na sababu gani nyingine. Mwalimu, ikaonekana, aliwahi kuruka shimo akaumia. Msichana alikuwa akibeba matofali. Mwezi wa Septemba 1621 mama alipelekwa mbele ya vyombo vya mateso, akaonyeshwa kila kimoja, akakataa kukiri asilolitenda. Wakamfungua Oktoba. Akafa Aprili mwaka uliofuata.

Hapo tulikifunga kitabu, hatukuweza kuendelea kusoma jioni ile.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja tuliokuwa tukiutumikia, alikuwapo mjane mzee, mshiriki wa Meza ya Bwana tangu ujana wake. Katika masika mtoto wa jirani alishikwa na homa akafa. Baada ya maziko wazee watatu wa kanisa walitujia jioni. Walisema kwamba mjane yule huonekana usiku akiizunguka nyumba yake na taa ndogo, akimwaga kitu chini, akisema peke yake. Tuliwauliza, "Nani ameona?" Wakajibu, "Watu wameona." Tukaridhika na jibu hilo, Mungu atusamehe. Hatukusema kwamba yule mama ni mchawi. La, sisi tumesoma, hatuamini mambo hayo. Tulisema neno lililotuonekea kuwa la hekima: heri akae kando na Meza ya Bwana kwa muda, si kwa hukumu, bali kwa ajili ya amani ya mtaa, hata maneno yatulie. Tukamtuma mwinjilisti akamwambie. Sisi wenyewe hatukwenda.

Maneno hayakutulia. Watu walisema, "Kama hakuna kitu, mbona Mchungaji amemzuia?" Wale waliokuwa wakinong'ona sasa walikuwa na shahidi, na shahidi mwenyewe alikuwa sisi. Watoto walitupa mawe juu ya bati lake. Jumapili mbili alikuja kanisani akaketi benchi ya nyuma, naye aliachiwa benchi nzima. Ya tatu hakuja. Tukasikia kwamba binti yake amekuja kumchukua, wameondoka alfajiri, wakiacha migomba na mbuzi. Nanyi nyote mwajua kwamba katika mikoa yetu hii ya kandokando ya ziwa wako vikongwe wasiopata binti wa kuwachukua, waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Na macho yale yalitiwa wekundu na moshi wa jiko.

Baada ya miezi mingi mjukuu wake wa kiume, aliyekuwa akilala katika nyumba ile, alirudi kusoma shule akikaa kwa mjomba wake. Siku moja tulimkuta njiani tukamwuliza hali ya bibi yake. Kisha, hatujui kwa nini siku ile na si kabla yake, tukauliza habari ya taa. Mtoto akatutazama kama mtu aulizwaye jambo la kitoto. Akasema, "Siafu, Mchungaji. Mvua ikinyesha walikuwa wakiingia ndani. Bibi alikuwa akizungusha majivu."

Majivu! Tukawaita wale wazee watatu, kila mmoja peke yake, jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku ya kwanza. Wa kwanza alikuwa amesikia kwa wa pili. Wa pili alikuwa amesikia kwa mkewe. Wa tatu ndiye aliyeona, usiku mmoja tu, akipita barabarani, kwa mbali, katikati ya migomba. Naye aliona taa ikienda na kurudi, basi. Kumwaga kitu na kusema peke yake hakukuona. Hakujua hata ni nani aliyeyaongeza. Kama tungaliwapa chaki, wawili wangalirudisha ubao mtupu, na wa tatu angalichora nukta moja ya nuru.

Wataalamu walipewa saa 40 kutazama kivuli cha kitu kilicho mbali hata nuru yake husafiri miaka elfu kadhaa kabla ya kutufikia, wakaona dalili mbili, wakasema, "Labda." Sisi tulikuwa hatua mia chache kutoka mlango wa yule mama. Tungaliweza kubisha hodi.

Wainjilisti mwawafundisha watoto Amri ya Nane kila mwaka, na maelezo ya Dakta Luther mwayajua kwa moyo. Lakini angalieni kwamba Luther hakutosheka kutukataza uongo. Ataka tusimame upande wa jirani, tumtetee, na jambo lake likiwa na maana mbili tulishike kwa ile iliyo njema. Sisi hatukusema uongo hata neno moja, na Amri tuliivunja. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19, waamuzi waagizwa kupeleleza kwa bidii kabla ya kumwamini shahidi. Katika Yohana, mlango wa 7, Nikodemo awauliza wenzake kama sheria humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Akajibiwa kwa dhihaka. Na Bwana wetu, katika Mathayo 18, alitutuma tumwendee ndugu tukiwa peke yetu kwanza. Hakusema tutume mwinjilisti.

Kwa hiyo katika usharika wetu tumeweka desturi, nasi twaitoa kwa wengine waipime. Neno baya likiletwa juu ya mtu, kila shahidi huitwa peke yake, huulizwa ameona nini kwa macho yake, saa ngapi, akiwa mbali kiasi gani, na maneno yake huandikwa mbele yake. Aliyesikia tu huambiwa aende nyumbani kwa amani na anyamaze. Mwenye kutajwa huendewa siku ileile, na mchungaji mwenyewe. Meza ya Bwana hazuiwi mtu kwa ajili ya amani ya mtaa. Wazee wengine wamenung'unika kwamba desturi hii ni ndefu. Ni ndefu kweli. Mashauri mengi yamekufa njiani kabla ya kufika barazani.

Mtunga Zaburi, katika mistari tuliyoitaja mwanzo, aliweka mambo mawili ubavu kwa ubavu: Mungu anayewauguza waliopondeka moyo, na Mungu anayejua hesabu ya nyota pamoja na majina yake. Zamani tulikuwa tukihubiri mstari wa 4 peke yake, kwa kuwa ni mzuri. Miezi ile ambayo watu wa elimu hawajaiona, Yeye ameihesabu, au ajua kwamba haiko. Na usiku ule wa siafu alijua pia kilichokuwa mkononi mwa mjane.

Tulikwenda kumwona, kwa binti yake, upande wa Muleba, sisi na yule mzee wa tatu, ambaye aliomba mwenyewe kufuatana nasi. Tulishuka kwenye basi tukauliza njia mara mbili. Alikuwa ameketi nje juu ya mkeka, akichambua maharage. Alitutambua kabla hatujafika, akaingia ndani; tukadhani hataki kutuona. Akatoka na kisahani cha kahawa za kutafuna, akatupa kwa mikono miwili kama wageni wapewavyo. Tukapiga magoti, tukasema tuliyokuja kusema. Mzee mwenzetu akasema lake, akilia. Mama yule alingoja hata tukamaliza wote wawili.

Kisha akasema, "Nilikuwa nikimngoja Mchungaji aje kuniuliza. Ningalimwonyesha majivu asubuhi ile, yalikuwa bado yako ukutani."

Tukamwomba arudi, usharika umekwisha kuambiwa kweli mbele ya madhabahu na jina lake limesafishwa. Akashukuru. Alisema kwamba amekwisha kuandikwa katika usharika wa huko, na kwamba Jumapili iliyopita ameshiriki Meza ya Bwana. Mbuzi akauliza wako kwa nani. Mzee wa tatu akajibu kwamba yeye ndiye anayewatunza, nao wamekuwa wanne, na atawaleta.